SOMO LETU: KUKAGUA MANENO YA SIRI YA KOMPYUTA



Zamani karani wa ghala alikuwa na funguo kiunoni na daftari mezani. Siku hizi, katika viwanda na mashamba mengi, saa za kazi, kilo za majani ya chai na mishahara huandikwa katika kompyuta, na ufunguo wake ni neno la siri. Ufunguo huo ukiwa mbovu, anayeumia kwanza ni mfanyakazi.

Tuchukue mfano. Makarani watatu wa ghala wana majina yao katika kompyuta, lakini neno la siri la wote ni moja: 123456. Usiku mtu anaingia kwa jina la mmoja wao na kupunguza mifuko 40 katika hesabu. Asubuhi kompyuta inaonyesha jina la nani? La karani aliyekuwa amelala nyumbani kwake Kamenge. Atajiteteaje?

Ndiyo sababu maneno haya yanapaswa kukaguliwa. Ukaguzi hufanywaje?

Kompyuta iliyopangwa vizuri haiweki neno lenyewe. Hulisaga kama muhogo, ikaweka unga tu. Unga haurudi kuwa muhogo. Lakini neno lile lile, likisagwa kwa njia ile ile, hutoa unga ule ule. Basi mkaguzi huchukua orodha ya maneno ambayo watu huyapenda, huyasaga moja moja, halafu hulinganisha. Unga ukifanana, neno limejulikana. Hapa kwetu angeanza na yapi? Bujumbura, Tanganyika, amahoro, 1962, na majina ya watoto wetu.

Kazi hii si mpya. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani, walieleza walivyochunguza maneno ya siri 3,289. Kati yake 2,831, yaani 86 katika kila 100, yalikuwa mafupi mno au ya kupatikana upesi katika kamusi na orodha za majina. Kwa hiyo udhaifu huu si ujinga wa mfanyakazi wa Burundi. Ni tabia ya binadamu.

Msimamo wetu ni huu:

1. Ukaguzi ufanywe kwa ruhusa ya maandishi, na wafanyakazi waarifiwe mapema. Kujaribu maneno ya wenzako kwa siri kunaweza kukufikisha mahakamani. Burundi ilitunga sheria ya uhalifu wa kompyuta mwaka 2022.

2. Ripoti itaje idadi ya maneno dhaifu, isitaje neno la mtu. Mwenye neno dhaifu aambiwe faraghani, alibadilishe, wala asikatwe mshahara.

3. Kila mtu awe na neno lake. Mwajiri asilazimishe zamu nzima kutumia moja.

4. Neno liwe refu, kwa mfano maneno manne yasiyohusiana yaliyounganishwa, na lisitumiwe mahali pawili.

Nasi chama tuanze nyumbani. Orodha ya wanachama ikiangukia mikono mibaya, wenzetu wanaweza kufukuzwa kazi kimya kimya. Tusidai kwa mwajiri jambo ambalo hatulifanyi ofisini kwetu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Kazini kwako, nani mwingine anajua neno lako la siri?

Hesabu ikipungua, utaonyeshaje kwamba si wewe?