Sashe ya chips ya mahindi: kuna nini ndani?

Bapapa na bamama wa koperative, toka Kolwezi mpaka Fungurume sashe hizi ziko ku kila kiduka: ladha ya jibini, ya kuku ao ya pilipili. Wengi wetu tunasema: «Si ni mahindi? Basi mtoto amekula.» Tuangalie vizuri.

Ndani ya sashe
Gramu 30 za chips kwa kawaida zina kilokalori karibu 150, mafuta gramu 8, protini gramu 2 tu, na chumvi karibu nusu gramu. Ladha ya kuku haimaanishi kuna nyama: ni unga wa chumvi, sukari, rangi na viongeza-ladha. Sashe tatu kwa siku zinaleta chumvi karibu gramu 1.5. Shirika la Afya Duniani (OMS) linaomba mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku. Mtoto, chini zaidi.

Shida iko wapi?
Protini ya mahindi inapungukiwa na lizini na triptofani, vitu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mafuta na chumvi havivileti. Tumbo linajaa, lakini vya kujenga mwili havitoshi. Mtoto aliyekula bukari bila maharagi wala samaki, kisha chips magaribi, amekula mahindi mara mbili.

Maharagi na soya zina lizini nyingi, njo maana zinapatana na mahindi. Gramu 30 za karanga nazo zina protini karibu gramu 7.

Tufanye hesabu
Sashe 10 za gramu 30 ni gramu 300 tu. Pimeni ku mizani ya koperative: franka hizo zinanunua soya ao karanga kiasi gani ku soko yenu? Mahindi tunauzisha kwa mifuko, tusiyanunue tena kwa gramu bila kujua.

Ya kufanya nyumbani
- Uji: vikombe 3 vya unga wa mahindi, kikombe 1 cha unga wa soya iliyokaangwa vizuri. Soya mbichi hapana.
- Karanga za kukaanga, chumvi kidogo. Zenye ukungu, zilizokunjamana ao chungu, tupeni: sumu yake haiishi yote ku moto.

Hatukatazi sashe ya sikukuu. Lakini mbele ya kuuzisha mavuno yote, kila nyumba iweke kwanza soya, maharagi na karanga za batoto.