Maji ya Mvua na Haki ya Jirani

Ndugu zetu, somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona kuwa ni la dunia tupu, nalo ni maji ya mvua yatokayo katika mapaa ya nyumba zetu. Masika yakifika, miji yetu ya pwani hupatwa na misiba miwili kwa wakati mmoja. Vichochoroni maji hufika magotini, yakaingia majumbani na kuharibu magodoro na misahafu; na ndani ya nyumba hizo hizo mifereji ni mikavu, na mama wa nyumba yungali angojea mkokoteni apate kununua mtungi wa maji. Mombasa huletewa maji ya chemchemi za Mzima kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Na maji tuteremshiwayo juu ya vichwa vyetu twayaacha yawe adui.

Kwanza, yafaa tujue hesabu yake. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la mita za mraba 100, siku ya mvua ya milimita 50, hutoa lita 5,000, nazo ni madebe 250. Mtaa wenye nyumba 40 za kadiri hiyo hutoa lita 200,000 kwa mapaa peke yake. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na mchanga wa uani. Leo ua tumeumwagia saruji, na mchanga hauonekani tena. Maji hayana pa kwenda ila mlangoni kwa aliye chini yetu. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2023, zilizozidishwa na El Niño, zilituonyesha hayo waziwazi.

Pili, tutazame hukumu. Wanazuoni wetu wa fiqhi hawakuudharau mlizamu. Wameuzungumza katika mlango wa sulhu, wakasema kwamba mtu ana ruhusa kuuelekeza njia kuu kwa sharti usiwadhuru wapitao, wala hana ruhusa kuuelekeza katika milki ya jirani ila kwa idhini yake. Na msingi wa yote ni kanuni ijulikanayo na kila mwanafunzi, kwamba madhara huondolewa. Basi yule aliyeinua ua wake na kuujenga kwa saruji, akamsukumia maji mjane wa nyumba ya pili, asidhani kwamba hayo ni ya mvua wala hana dhima. Mvua ni rehema. Aliyeigeuza kuwa dhara ni yeye. Na mbaya zaidi ni yule angojeaye mvua apate kufungulia maji ya choo chake mtaroni. Huyo awadhuru watu katika afya zao na katika tohara ya nguo waendazo nazo msikitini.

Tatu, haya si mambo mageni kwetu. Visiwa vya Lamu vina majabia ya kukusanyia maji ya mvua. Misikiti yetu ya zamani ina mabirika. Na ndani ya Fort Jesus liko birika lililochimbwa kwa kazi hiyo hiyo. Wazee wetu walilijua tone na thamani yake. Sisi tulipopata mfereji tuliyasahau hayo, na sasa mfereji nao umetuhini.

Nne, ni lipi la kutenda? Mwenye nyumba na atie michirizi ya mabati kandoni mwa paa, na bomba la kuteremshia maji katika tangi. Mvua ya mwanzo aiache ipite, kwani huosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi alifunike barabara na mdomo wake autie wavu mwembamba. Maana mbu hukua katika maji yaliyotulia kwa muda wa siku saba hadi kumi, na Mombasa iliionja homa ya dengue mwaka 2013 na tena 2017. Maji hayo yafaa kwa kufulia, kuoshea na kutawadhia. Ya kunywa yachemshwe.

Tangi la lita 1,000 hujazwa na milimita 10 za mvua juu ya paa tulilolitaja. Ziada yake, mwenye nafasi aichimbie shimo, alijaze mawe na kokoto, ardhi ipate kuinywa. Shimo liwe mbali na msingi wa nyumba, mbali na kisima na mbali na choo, wala lisitiwe ila maji safi ya paa. Kwani jiwe la matumbawe lililo chini ya Mombasa hupitisha maji upesi, na uchafu hupita pamoja nayo. Asiye na nafasi, kama watu wa Mji wa Kale, atosheke na tangi. Na ua usifunikwe wote. Iachwe sehemu ya mchanga na mti.

Huenda mtu akasema: sisi twalipa kodi, na mitaro ni kazi ya serikali ya kaunti. Ni kweli, na ni haki yetu kuidai. Lakini mtaro hautatosha maadamu kila nyumba yautupia maji yake yote, na taka juu yake. Mwingine atasema hana pesa. Kwa maskini hilo ni udhuru, na jirani mwenye uwezo amsaidie. Ama yule aliyefanya harusi ya siku nne, akakodi viti na mahema na vyakula vikatupwa, udhuru wake ni upi? Sehemu ndogo ya gharama hiyo ingenunua tangi na michirizi yake.

Basi twawausia: kabla ya masika kufika, kila msikiti ukusanye watu wa mtaa wake, wazibue mitaro, waangalie milizamu yaelekea wapi, na wachangiane tangi la nyumba isiyo na mtu wa kuitazama. Tusipoyazuia maji yote, tutapunguza. Na kila debe lililobaki kwetu ni debe lisiloingia kwa jirani. Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya manufaa, wala asituandike miongoni mwa wenye kuwaudhi majirani zao. Amin.