Baba Amekutwa na Sukari, Nani Ameuliza Habari za Figo?



Ndugu zangu, somo la leo linaanzia kwenye simu. Uko chuoni, simu inaingia kutoka Ryansoro: baba amepelekwa Gitega mjini, amepimwa, ameambiwa ana kisukari cha aina ya pili. Amepewa vidonge vya metformini na kukatazwa vitu vitamu. Nyumbani wote wanazungumzia sukari. Figo hakuna aliyezitaja.

Kisukari cha aina hii huweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kugunduliwa. Siku ya kuambiwa si siku ya kwanza ya ugonjwa, na figo huenda zimekwisha kuanza kuumia. Kwa hiyo hutakiwa zipimwe mara tu mtu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama hajisikii lolote.

Figo huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo. Sukari nyingi ikikutana na presha, vichujio huchakaa na kuanza kupitisha albumini, protini iliyopaswa kubaki kwenye damu. Wala haiumi. Wazee wetu wakishikwa na kiuno husema figo zinawasumbua, na mara nyingi ni mgongo uliochoshwa na jembe. Figo zinazoharibiwa na kisukari hunyamaza. Miguu ikija kuvimba, muda mwingi umeshapita.

Vipimo vya kuuliza ni viwili. Cha mkojo hulinganisha albumini na kreatinini: ikifika 30 mg kwa gramu, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha, maana hata homa inaweza kuipandisha kwa muda. Kile kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo hukosa dalili za mwanzo. Cha damu hupima kreatinini, na daktari hukadiria kwayo kiwango cha uchujaji. Kikikaa chini ya 60 kwa miezi 3, figo zimedhoofika. Kikishuka chini ya 30, metformini huachwa. Karatasi zetu huandikwa kwa Kifaransa, na msomaji wa nyumba ni wewe. Zipige picha, uzitunze.

Presha nayo ipimwe. Wengi huwekewa lengo la chini ya 130 kwa 80, na albumini ikionekana, daktari huweza kuandika dawa za jamii ya enalapril, ambazo hushusha presha na kulinda vichujio pia. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya chakula.

Jambo ninalolihofia zaidi ni vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kama peremende, na kwa figo dhaifu ni hatari. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Habbat sawda sina ugomvi nayo. Kosa ni kuacha dawa kwa ajili yake, au kumficha daktari kwamba mgonjwa anakunywa majani ya umuravumba.

Chakula cha nyumbani si adui. Maharage na isombe vibaki, fungu la ugali wa muhogo na viazi vitamu lipungue. Fanta ya wageni na chai ya vijiko vinne ndivyo vya kuachwa.

Kuhusu Ramadhani, aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa. Baba amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla. Kujidunga kidole kupima sukari hakubatilishi swaumu, na sukari ikishuka chini ya 70 au kupita 300 mg kwa desilita, afungue. Mwenye figo zilizodhoofika sana hushauriwa asifunge. Asiyetarajia kupona hutoa fidya.

Na wewe pia, mtoto wa mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake. Ukimpeleka baba kupima, toa na kidole chako kabla hujala kitu. Ikisoma 126 au zaidi, rudi siku nyingine upime tena.