Kabla Hujalipia Bodi

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu mashine ya kufulia, nimeusoma ujumbe wako mpaka mwisho na nimekuelewa. Mashine ni ya mlango wa mbele. Maji inavuta, ngoma inazunguka, halafu katikati ya kufua inasimama na kuandika tE. Fundi ameitazama kwa juu tu, akasema bodi imekufa, na hela anayotaka inakaribia nusu ya mashine mpya. Usimpe bado.

Herufi hizo, kwenye mashine za LG na Samsung za zamani, zinahusu joto. Samsung za karibuni huandika tC, Indesit huandika F03. Maana yake ni kwamba mashine haielewi maji yake yana joto kiasi gani.

Kupima joto ni kazi ya sensa, kidude chembamba kama kidole kilichochomekwa karibu na hita, chini ya ngoma. Umeme mdogo sana unapita ndani yake. Maji yakiwa baridi sensa inauzuia, yakipata moto inauachia. Bodi inausoma huo ukinzani, kisha inaamua hita iwake au izime. Sasa waya wa sensa ukikatika, ukinzani unapanda kupita kiasi, na bodi isiyo na tahadhari ingedhani maji ni barafu, ichemshe bila kukoma. Ndiyo maana imetengenezwa isimame na kupiga kelele. Kwa hiyo, mdogo wangu, bodi inayoandika tE mara nyingi ni nzima kabisa. Fundi anayeihukumu bila kupima sensa anakutoza kwa kubahatisha, na hilo linaniudhi, kwa sababu sensa ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa katika mashine nzima.

Kuna jambo moja nataka unijibu kwanza: je, umeme wa nyumba huwa unakata mashine inapoanza kupasha maji? Kama ndiyo, huenda hita inavujisha umeme. Chomoa waya ukutani, usiiwashe tena, na kazi yote iliyobaki muachie fundi umeme.

Kama haukati, mnaweza kuanza wenyewe, wewe na mtu mwenye mkono mtulivu. Chomoeni mashine kwenye soketi, msiizime kwa swichi tu. Fungeni bomba, mwageni maji kupitia kichujio cha chini, na kama ilikuwa imepasha muiache ipoe. Kisha fungueni kifuniko cha nyuma. Kuna mashine ambazo hita yake iko mbele. Hizo zina kazi kubwa ya kuzifungua, na hapo sioni aibu kumuita fundi.

Anzeni na waya kabla ya sensa yenyewe. Ngoma inapokamua hutikisika sana, na waya uliokaa vibaya husuguliwa mpaka unakatika. Panya nao hupenda kuingia kupitia chini ya mashine na kutafuna. Chomoeni soketi ndogo ya sensa mtazame ndani: mkiona kutu ya kijani, au pini iliyolegea, huenda shida yote iko hapo. Safisheni, kausheni, rudisheni kwa kubana vizuri.

Baada ya hapo azimeni mita ya fundi umeme, iwekwe kwenye omu, mguse pini mbili za sensa. Sensa nyingi zikiwa baridi husoma kati ya omu elfu 5 na elfu 50, kutegemea mashine. Ya Samsung kwa kawaida huwa kama elfu 12 katika joto la nyuzi 25. Namba hiyo isikusumbue sana. Ichomoeni sensa taratibu kwenye mpira wake, muifumbate kiganjani. Namba ianze kushuka. Itumbukizeni ncha yake kwenye kikombe cha maji ya moto, ishuke zaidi bila kurukaruka. Isiposogea, au mita ikionyesha OL au 1 hata kwenye kipimo cha juu kabisa, sensa imekufa. Ikisoma karibu na sifuri, imekufa pia.

Mkiwa hapo hapo pimeni na hita. Ya wati 2000 kwa umeme wetu wa volti 230 husoma karibu omu 26. Itazameni pia kwa macho. Kama mnafulia maji ya kisima ya Pwani, mtakuta gamba jeupe limeifunika hita na sensa pamoja. Libanduliwe, kwa sababu sensa iliyozikwa ndani ya gamba hupata habari za maji kwa kuchelewa.

Ukienda kununua, beba sensa ya zamani na picha ya kibandiko chenye namba ya modeli. Zinafanana kwa macho lakini omu zake hazifanani.

Kwa sasa endelea na programu ya maji baridi, kama mashine inaikubali. Kanga na vitenge vitashukuru, na Luku nayo haitakimbia. Nepi za mtoto zifue kwa beseni na maji ya moto.

Ukiona sensa ni nzima, waya ni mzima, hita ni nzima, na tE bado inarudi, basi mrudie fundi. Hapo neno lake kuhusu bodi lina uzito, ila umuombe abaki mpaka uone kioo cha mlango kinapata joto kwenye programu ya nyuzi 40, ndipo umlipe.