Unaponunua dawa, uliza jina lake

Malalamiko kwamba dawa ni ghali tumeyazoea, na mengi yana ukweli. Hata hivyo, sehemu ya fedha tunazoacha dukani ni bei ya jina lililoandikwa kwenye boksi tu. Katika safu yetu leo tuangalie namna ya kupunguza gharama hiyo bila kupunguza tiba.

Dawa nyingi unazoziona dukani zina majina mawili. Moja ni la dawa yenyewe, ambalo madaktari hulisoma vyuoni. La pili ni lile ambalo kiwanda kimeipa bidhaa yake ili iuzike. Panadol ni jina la kiwanda, dawa iliyomo ni parasetamoli. Flagyl ni metronidazoli, Ventolin ni salbutamoli, na Coartem ni artemeta na lumefantrini, yaani ile ile tunayoiita dawa mseto. Tazama boksi vizuri: jina la dawa yenyewe huwa lipo, ila mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa.

Kiwanda kinachovumbua dawa hupewa haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu kuomba hataza. Muda huo ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza. Hivi havilazimiki kurudia utafiti wote wa mwanzo, bali hutakiwa kuonyesha kuwa kidonge chao kina kiasi kile kile cha dawa na kinaingia katika damu kwa kiwango kinacholingana. Ndiyo maana bei hushuka. Kwa Tanzania, dawa za aina zote mbili husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA.

Kwa hiyo dawa ya bei nafuu iliyosajiliwa si "feki" kama wengi wanavyodhani. Ya kuogopa ni ile isiyojulikana ilikotoka, inayopitishwa stendi kwenye mfuko au iliyoanikwa juani sokoni, na ile ambayo tarehe ya kwisha muda wake imekwanguliwa. Hiyo usiichukue hata ukipewa bure.

Basi ukifika kaunta, badala ya kusema, "Kaka, nipe Panadol," sema, "Naomba parasetamoli, zipo za bei gani?" Muuzaji (ambaye wengi wetu humwita dokta hata kama si daktari) atakuletea uliyoitaja. Ukitaja moja, huna la kuchagua. Lakini kwa mgonjwa wa kifafa, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama vile warfarini, usibadilishe kiwanda kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu hapo hata tofauti ndogo inaweza kuleta madhara.

Kujua jina kuna faida nyingine. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu hununua hiyo ya mafua, kisha akaongeza ya kichwa, akalipia parasetamoli mara mbili na kuimeza mara mbili. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ini huweza kuharibika.

Aidha, zipo dawa tunazonunua bila kuzihitaji. Mafua husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Homa nayo si lazima iwe malaria. Pima kwanza kabla ya kununua mseto. Mtoto akiharisha, kitu cha kwanza kununua ni pakiti za ORS na vidonge vya zinki, ambavyo ni bei ndogo. Akiharisha damu, akishindwa kunywa au akilegea, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Sasa tuje kwenye "akiba" inayotuumiza zaidi, nayo ni kununua nusu dozi. Mseto wa kawaida kwa mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, na dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mtu akinunua 12, homa huweza kushuka, akaona amepona, kumbe vimelea vimebaki. Baada ya siku chache yuko kitandani, na sasa anahitaji 24 kamili. Amelipia 36, na siku za kazi zimepotea. Kama fedha haitoshi, usione haya. Mwambie muuzaji kiasi ulicho nacho, umuulize kama ipo dozi kamili ya kiwanda kingine. Isipopatikana, nenda zahanati ya serikali.

Na kabla hujanunua sirapu ya tatu ya kikohozi, hesabu siku. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kupimwa makohozi. Kipimo cha kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na dawa zake pia ni bure mpaka mgonjwa amalize.