Kulala Hemani Karibu na Ngosi

Ilikuwa mwezi wa Juni, siku za likizo, wakati wa baridi kali katika wilaya ya Rungwe. Mtu mmoja wa Makandana, katika mji wa Tukuyu, alitoka na mkewe na watoto wao watatu, wakalale hemani usiku mmoja karibu na msitu wa Ngosi.

Walipofika, mwana wao mkubwa alitaka kupanda mara moja alitazame ziwa. Baba akamwambia, "Kwanza nyumba, mwanangu, kisha matembezi." Wakatafuta mahali palipoinuka kidogo, kwa maana hema likipigwa penye bonde huingiwa na maji ya mvua. Wakapigilia vigingi, wakakaza kamba, wakachimba mfereji mwembamba kulizunguka.

Mama akateleka maharage. Kuni walizonunua kijijini zilikuwa na unyevu, zikatoa moshi kuliko moto. Yule kijana akafunua sufuria mara tatu. "Mama, mbona hayaivi?" Mama akajibu, "Kila ufunuapo, joto hutoka. Tena hapa tuko juu sana." Naye alisema kweli. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Lakini penye kimo cha mita 2,000 hewa hugandamiza kidogo, maji huchemka kwa digrii 93 hivi, na chakula hukawia kuiva. Wakala usiku, wakashiba.

Gizani kila mtu alitafuta kitu chake. Kiatu cha mtoto mdogo kilionekana ndani ya ndoo! Kulipokucha, matone yakawadondokea usoni, wakadhani ni mvua. Kumbe ni pumzi zao wenyewe, zilizogeuka maji juu ya kitambaa cha baridi.

Nje ukungu ulifunika kila kitu. Kijana akasema, "Baba, twende sasa." Baba akakataa. "Njia ni ya mtelemko mkali, na asiyeona mbele huteleza." Kijana akanuna. Wakaota moto, wakanywa chai, wakategana vitendawili, hata naye akaanza kucheka.

Saa nne jua likatoka, wakapanda polepole. Juu ya ukingo wakaliona ziwa chini sana, limelala ndani ya shimo kubwa la volkano ya zamani, kuta za msitu zimelizunguka, wala hakuna mto utokao humo. Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, tungalikuja alfajiri, tusingaliona kitu."

Waliporudi, yeye mwenyewe alilitandaza hema juani asiharakishwe na mtu, kwa kuwa hema likikunjwa na unyevu huoza. Akalikunja lilipokauka.

Maswali
1. Kwa nini maharage yalikawia kuiva?
2. Matone ya asubuhi yalitoka wapi?
3. Kijana alijifunza nini, nawe wajuaje?