Usalama wa Uchocheaji wa Retina kwa Umeme: Mfano wa Kipandikizi cha Argus II

Makala haya yanadhamiria kufafanua usalama wa vipandikizi vinavyochochea retina kwa umeme ili kumrudishia kipofu sehemu ya uwezo wa kuona. Istilahi yenyewe yahitaji uangalifu. 'Jicho bandia', kama lijulikanavyo na wengi, ni jicho lisiloona. Huwekwa kusitiri tundu. Kipandikizi, kwa upande mwingine, huwekwa katika jicho la asili likiwa bado mahali pake. Ndiyo maana tumelichagua neno hilo.

Tuchukue mfano wa Argus II, kilichoundwa na kampuni ya Second Sight ya California, Marekani. Kiliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2011 na Marekani mwaka wa 2013, kwa wagonjwa wa retinitisi pigmentosa, maradhi ya kurithi yanayoua seli zipokeazo mwanga ilhali baadhi ya neva za retina husalia hai. Kamera iliyo kwenye miwani hunasa picha, kompyuta ndogo huichakata, nazo elektrodi 60 zilizobanwa juu ya retina huzichochea neva hizo. Aonacho mgonjwa ni vimulimuli vya mwanga, wala si sura kamili.

Hatari ya kwanza imo katika umeme wenyewe. Tishu za mwili zina maji na chumvi. Mkondo ukielekea upande mmoja tu, kemikali haribifu huzalishwa kwenye elektrodi, uasidi hubadilika, na metali yaweza kulika. Kinga yake ni mpigo wa awamu mbili: chaji hasi hufuatwa na chaji chanya ya kiasi kilekile. Hata hivyo, usawa huo pekee hautoshi. Kiasi cha chaji katika kila awamu na msongamano wake juu ya elektrodi huathiri tishu kwa pamoja. Kwa hivyo elektrodi ndogo mno, ingawa huahidi picha bayana zaidi, hukifikia kikomo cha usalama upesi.

Hatari ya pili ni joto litokanalo na saketi, nayo ya tatu ni upasuaji. Katika majaribio ya watu 30, kufikia mwaka wa tatu watu 11 walikuwa wamepata madhara makubwa 23 yaliyohusiana na kifaa au upasuaji, yakiwemo kulika kwa utando wa jicho na kushuka kwa shinikizo la jicho. Baina ya mwaka wa tatu na wa tano liliongezeka dhara moja tu, na watu 24 walibaki na vipandikizi vinavyofanya kazi.

Hatari ya nne haipimwi maabarani. Second Sight iliacha kuunda Argus II mwaka wa 2019, na mwaka wa 2020 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Zaidi ya watu 350 duniani walikuwa wamepandikizwa vifaa vyake. Kifaa kikiharibika, huenda fundi asipatikane.

Hapa ndipo penye wajibu wetu wanalugha. Atakayetafsiri fomu ya ridhaa ya mgonjwa asiridhike kuandika 'kifaa hiki ni salama'. Aeleze ni salama dhidi ya nini, kwa muda gani, na nani atakitunza. Mgonjwa hawezi kuridhia asichoelezwa.